Uzi maalumu: Kwenda kujitolea umisionari kusini mwa Ziwa Tanganyika. Usafiri, chakula, homa na mengine ambayo semina hazisemi

Mkaa Mwambao (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikifika katikati naona vijana wanaagwa makanisani. Wanapigiwa makofi, wanavishwa fulana za huduma, wanawekewa mikono, halafu hao, basi la Kigoma. Semina waliyopewa ilihusu kushuhudia na kujibu maswali magumu ya imani. Boti ya kusini inaondokaje Ujiji, nani atawapikia na kwa unga wa nani, hayo hayakuguswa. Wanakuja kujifunzia huko huko, na gharama ya somo analipa mwenyeji.

Nimejitolea na misheni moja huko (jina libaki kwangu) katika vijiji vya mwambao wa Uvinza, upande wa kuelekea Kalya. Nilikuwa nafundisha watoto na kushika daftari la mahesabu ya kanisa. Wenye uzoefu wa Katavi na Rukwa watanisahihisha mbele ya safari.

Msimamo wangu nauweka mapema ili atakayebisha abishe: mjitolea anapofika kule, miezi ya kwanza kijiji ndicho kinachomhudumia yeye. Kinamlisha, kinamuuguza, kinamfundisha kuoga ziwani bila kuliwa na mamba. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa makanisani tunaongezewa siku kwa heshima ya dini, wengine mpaka wanaondoka jembe hawajaligusa.

USAFIRI

Watu wakisikia Ziwa Tanganyika wanawaza meli ya Liemba. Ni kweli ina historia ya pekee. Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaja kwa makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda treni ya reli ya kati, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Ilikwenda mpaka Mpulungu, Zambia, na vituo vingi havikuwa na gati: meli inasimama katikati ya maji, mitumbwi inaivamia, mtu anaruka na mtoto mgongoni na kuku mkononi. Ila miaka ya karibuni imekaa muda mrefu bila safari kwa ajili ya ukarabati. Usipange safari yako kwa simulizi za waliopanda zamani.

Barabara ipo. Unapita Simbo, unavuka Malagarasi kule Ilagala, unashuka kusini. Kiangazi ni vumbi na mashimo, ila unafika. Masika unaweza kulala porini na lori, mkapika uji wa pamoja na abiria ambao asubuhi mlikuwa mnagombea kiti.

Kinachobaki ni boti ya mbao yenye injini. Zinaondoka Ujiji jioni na kutembea usiku kucha zikishusha watu na mizigo kila mwalo, yaani kila ufuko wa kuegesha vyombo. Juu kuna saruji, kreti za soda, magodoro, mbuzi, na nyie juu ya hayo yote. Choo hakuna. Usiku ziwani kuna baridi kali kuliko anavyodhani mtu aliyetoka kuchomwa na jua la Ujiji saa kumi jioni, na maji yanarukia ndani. Nguo zako zifungwe kwenye mfuko wa nailoni kabla hazijaingia kwenye begi. Tranka la bati waachie wanafunzi wa bweni, kwenye boti linakata watu miguu. Shangazi kaja au salfeti ndiyo mizigo ya huko, inabanwa popote.

Usiku wa giza utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, mpaka unasahau kuwa chini yako kuna maji ya kina kinachofika karibu kilomita moja na nusu. Kwa wengine ni vizuri wasahau.

CHAKULA NA MWEZI

Hapa nakaa kidogo maana ndipo wengi wanapoumia.

Ugali ni wa muhogo. Mboga ni dagaa, migebuka ikipatikana, maharage, matembele, kisamvu kilichotwangwa na kutiwa mawese. Chakula kitamu sana, tatizo liko kwenye kalenda yake. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikomaa samaki wanatawanyika, wavuvi wanavuta vipe, vyombo vyao vya uvuvi, nchi kavu wanashona nyavu. Siku hizo kijiji hakina hela. Duka linakopesha, genge linapungua, na kapu la sadaka Jumapili linarudi jepesi. Niliposhika daftari la kanisa nilianza kuandika hali ya mwezi pembeni ya kila Jumapili. Ukilisoma hivyo unaacha kabisa kuhubiri kwamba waumini ni wazito wa kutoa. Wako sawa, mwezi tu umejaa.

Sasa mjitolea anakula kwa mwenyeji siku za giza na siku za mbalamwezi, sahani ile ile. Mama mwenye nyumba hatasema. Atakopa dukani, wewe utashukuru kwa maombi marefu na kuongezewa mboga.

Na tangu 2024 kuna jambo kubwa zaidi. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka ule uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa ziwa ili samaki wazaliane, katika makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mwaka uliofuata pia ziwa likafungwa. Miezi hiyo ndiyo makanisa ya mjini yanapenda kutuma vijana, kwa kuwa vyuo vimefunga na mvua hakuna. Mnapeleka midomo kwenye kijiji ambacho kazi imesimama. Mkienda kipindi hicho nendeni na gunia la mchele, maharage, sukari na sabuni, mkakabidhi siku ya kwanza mbele ya mzee wa kanisa. Msiseme ni zawadi. Semeni ni chakula chetu, mama tusaidie kukipika. Heshima yake inabaki.

Nitaendelea na malazi, nikapate umeme kwanza.

---

Kijana wa Gongo la Mboto

Naweka kambi hapa. Mkuu usitutelekeze.

---

Nahodha Mstaafu

Mwanzisha uzi umesema vizuri, naongezea ya chomboni maana hiyo ndiyo kazi iliyonilea.

Usikae mbele kabisa, utalowa usiku kucha. Usikae nyuma kabisa, moshi wa injini na petroli vitakutapisha. Kaa katikati, upande ambao upepo hauji. Jaketi okozi vaa tangu mwaloni. Kulikalia kama mto wa makalio hakutakusaidia chombo kikilala. Nimeona wachungaji wanalikalia.

Upepo wa kusi unaanza kupiga mwezi wa tano hivi, na ukikaza wimbi linapanda kama mgongo wa tembo. Masika nako kuna dhoruba za ghafla, zinashuka kutoka milimani huku unaona mbingu nyeupe. Kinachonikera kwa watu wa huduma ni kumsukuma nahodha. "Nahodha tuna mkutano kesho, nahodha twende kwa imani." Nahodha akisema tunalala Sigunga, laleni Sigunga. Imani anayo na yeye, na ana watoto. Yule atakayekubali kusukumwa ndiye wa kumwogopa.

---

Binti wa Kasulu

Shikamoo nahodha. Nimecheka hapo kwa wachungaji na jaketi, maana nimewaona kwa macho.

Wadada naomba niongee nanyi. Boti ya usiku usipande peke yako ukajitenga pembeni na simu yako. Nenda kaketi na wale akina mama wa biashara ya dagaa na mawese, wasalimie, waambie unakwenda kwa nani. Kuanzia hapo una mama watano. Watakufunika kitenge, watakuambia lini uinuke, na mlevi akikusogelea watamshughulikia wenyewe kwa Kiha, na hutahitaji tafsiri.

Kitenge au khanga beba za kutosha. Ni taulo, ni shuka, ni pazia la kuogea, ni nguo ya msibani. Vifaa vya hedhi beba vya muda wote utakaokaa, vya kufua ndivyo bora kwa sababu vya kutupa hakuna pa kuvitupa, na choo cha shimo ni cha familia nzima. Mambo haya kwenye semina zetu hayakutajwa, waliokuwa wanafundisha wote walikuwa kina baba.

---

Mtu Huru

Mimi swali langu fupi. Hawa wazungu wanaokuja wiki mbili kupaka rangi darasa, wamelipia ndege hela ambayo ingejenga darasa lingine. Nao ni wamisionari? Fundi rangi wa kijijini amekaa chini ya mwembe anawatazama wanavyoharibu kazi yake.

---

Mkaa Mwambao

Mtu Huru, nusu nakubaliana nawe. Kwanza kuwa mmisionari si lebo ya kujibandika uwanja wa ndege, hata serikali ina kibali chake cha ukaazi cha daraja C kwa watu wa misheni, wanaojitolea, watafiti na kadhalika. Kikundi kikija kushika brashi bila kibali sahihi kinaweza kumponza mwenyeji. Kuna kanisa nimeona limebaki na kesi ya kujieleza ofisini huku wageni wenyewe wameshafika kwao na picha wameshaweka.

Nusu ya pili sikubali. Wapo wageni waliokaa mpaka wakazeeka huko, na wapo Watanzania wenzetu kutoka mjini wanaofanya vile vile vya wiki mbili, tofauti ni kwamba sisi tunapanda basi. Nilikuta kijiji kina pampu ya maji iliyoletwa na kikundi cha vijana wa hapa hapa nchini. Ilipokufa kifaa kimoja hakuna duka kati ya pale na Kigoma mjini lililokuwa nacho, na hakuna aliyefundishwa kuifungua. Akina mama wakarudi ziwani na ndoo. Pampu wameianikia nguo.

---

Mtu Huru

Sawa mkuu, hapo kwa basi umenigusa.

---

Mzee Katekista

Vijana wangu, nimesoma yote. Mimi ni wa upande wa Karema, mwambao wa Katavi, niliwahi kushika vigango, makanisa madogo ya vijijini, kabla magoti hayajakataa.

Hii habari ya wamisionari kwetu ni ya zamani. Ngome ya Karema ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, ambao walikuwa wameshafika Ujiji tangu hiyo hiyo 1879. Waprotestanti wa London nao walikuwapo ziwani wakati ule. Kulikuwa na nahodha wao, Edward Hore, ambaye mkewe Annie alisafiri kutoka pwani akiwa kwenye kiti cha kubebwa na wapagazi, wakiwa na mtoto wao mdogo, wakafika ziwani 1885. Mnaolalamikia lori la Ilagala mkumbuke hao, na mkumbuke zaidi waliobeba kile kiti, ambao majina yao hayakuandikwa.

Lakini anayependwa kwetu ni Adriani Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, Mapadri wakamkomboa, wakamsomesha utabibu kule Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa katekista na daktari, na hakuondoka tena. Alioa hapo, mtoto wake akawa padri, yeye akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Zaidi ya miaka sitini mahali pamoja. Aliwatibu Wabende, Wafipa, Waholoholo, Waarabu, Wazungu, wote.

Enzi zangu katekista alitembea kwa miguu kigango hadi kigango, begani kitambaa chenye unga, chumvi na kitabu cha nyimbo. Hatukulipwa mshahara wa kueleweka. Nyinyi mnaita kujitolea, sisi tulikuwa tunalima kwanza. Ukifika kijijini na jembe lako unaongea na watu shambani, na shambani mtu anakusikiliza kwa sababu mikono ina kazi na masikio yako huru.

---

Kijana wa Gongo la Mboto

Mzee shikamoo. Hii ya Atiman sikuwahi kufundishwa mahali popote. Asante sana.

---

Muujiji Asilia

Marahaba kwa wadogo, shikamoo kwa wakubwa. Mimi Muislamu, mzaliwa wa Ujiji, na hizi boti za kusini ndizo zinazotulisha nyumbani. Wamisionari ni wateja wetu wa miaka yote, hatuna ugomvi.

Nina moja. Vijiji vya mwambao vingi vina Waislamu wengi. Mnafika na spika kubwa na jenereta, mnafungulia kwaya wakati wa Magharibi, umbali wa kutupa jiwe kutoka msikitini. Halafu mnashangaa mkutano haujajaa. Mkishuka chomboni, baada ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, nendeni mkamsalimie na sheikh. Dakika chache tu. Yeye mwenyewe atawaambia wapi pa kuweka spika na saa ngapi. Na msiba ukitokea, wa Muislamu au wa Mkristo, nendeni mkachimbe kaburi na kuchota maji. Aliyechimba kaburi na watu hafukuzwi.

---

Mkaa Mwambao

Umemaliza kila kitu, kaka. Na hiyo ya mtendaji wengi wanairuka. Barua ya utambulisho kutoka unakotoka ipite wilayani, ifike kwa mtendaji, usaini kitabu cha wageni, upelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kule ni mpakani, ng'ambo ni Kongo, mtu asiyejulikana anaulizwa maswali, na wana haki ya kuuliza. Wenyewe wamepokea wakimbizi vipindi vingi.

MALAZI sasa, nilisema nitaendelea.

Nyumba ni za tofali la kuchoma au fito na udongo, bati au nyasi. Chumba utakachopewa mara nyingi ni cha watoto wa mwenyeji, nao wamehamishiwa sebuleni au jikoni. Hawatakuambia, utagundua usiku ukienda chooni na kuwakanyaga. Chandarua njoo nacho, na kamba na misumari yake, maana ukuta wa udongo haushiki kila msumari. Panya wapo, popo wapo darini, siafu wakipita mnatoka nje wote mnasubiri wamalize, hakuna maombi ya siafu. Viatu vung'ute asubuhi.

Kuoga ni ziwani kwa zamu, wanaume kwao na wanawake kwao. Uliza sehemu, usijichagulie pazuri pa kupiga picha. Pale pazuri penye utulivu na majani ndipo mamba anapopapenda, na konokono wa kichocho pia.

Simu. Kila kijiji kina mlima wake wa mtandao, au mwembe, au jiwe fulani. Jioni mnakutana pale kama kwenye ibada, kila mtu ameinua mkono. Wakala wa fedha yupo, ila siku za mbalamwezi hata yeye hana salio la kukupa. Hela taslimu ndogo ndogo beba.

Kazi zenyewe za kila siku: alfajiri maji na kuni, uji, shule au zahanati au shamba mpaka jua likae utosini, mchana watu wanapumzika na wewe upumzike, jioni kutembelea wagonjwa na kufundisha nyimbo. Mahubiri ni sehemu ndogo sana ya wiki. Kijana aliyekuja na madaftari ya mahubiri akakaa nayo bila kuyafungua, huyo anaelekea kuzuri.

---

Dada Nesi

Nimefanya kazi zahanati za huko, naomba niseme ya homa kabla hamjaanza kuandikiana dawa humu.

Homa ikikushika, pima. Kipimo cha haraka cha malaria kinachukua kama robo saa, kipo hata zahanati ndogo. Usimeze dawa kwa kukisia. Ukikutwa nayo ukapewa dawa ya mseto, kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, na umeze ukiwa umekula kitu chenye mafuta kidogo ili dawa ipokelewe mwilini. Wajitolea wana tabia ya kuacha siku ya pili wakijisikia nafuu, vidonge vilivyobaki wanamgawia mtoto wa jirani. Mnatuharibia kazi.

Kuhara: maji ya ziwa yanaonekana safi mpaka unaona kokoto chini, na watu wanadanganyika. Chemsha, au tia dawa ya maji. Mwambao huu umepata kipindupindu mara nyingi. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi waliporundikana Kagunga, kule kaskazini, kiliua watu, na hiyo Liemba ndiyo iliyosaidia kuwahamishia Kigoma.

Kichocho: ukishaoga ziwani, kapime ukirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, hata kama huumwi. Ukimeza dawa mapema mno, minyoo michanga haidhuriki.

Ukipita misitu ya miombo kuelekea Katavi kuna mbung'o. Nguo nyeusi na bluu iliyokolea zinawaita, ndiyo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Fulana zenu za huduma za bluu hizo! Ukiumwa na mbung'o halafu ukapata homa isiyoeleweka, mwambie mganga wa zahanati kuwa ulipita porini, asikutibu malaria peke yake.

Na funza. Vaa viatu. Ukipata funza usione aibu, mwombe bibi yeyote mwenye pini, anamtoa mzima na kifuko chake kuliko mimi. Pini ichomwe moto kwanza.

---

Mtu Huru

Fulana za bluu 😂😂 kanisa letu wameshaagiza.

---

Mtongwe Halisi

Naona kila mtu anasema "kusini mwa Ziwa", na sisi wenye milima tupo. Watongwe tuliishi ndani ya milima ya Mahale, na hifadhi ilipotangazwa 1985 vijiji vilikuwa vimeshatolewa, watu wakaenda kando kando. Makaburi ya babu zetu yako ndani kule kwa sokwe.

Kuna tabia ya vikundi vya maombi kutaka kupanda milimani kukesha. Mlima Kungwe una heshima yake kwa wazee wetu, tena ni ndani ya hifadhi, kuna taratibu na askari. Vilima vingine vya vijijini navyo vina matambiko. Kabla hujapanda kupaza sauti kukemea mapepo, uliza mzee ni mahali pa nani. Inawezekana pepo unayemkemea ni babu wa mwenyeji anayekupikia.

---

Binti wa Kasulu

Duh. Hilo nalo neno.

---

Msaka Fursa

Wakuu posho yake ikoje? Kwa siku wanatoa shilingi ngapi? Na cheti wanatoa?

---

Mkaa Mwambao

Ndugu, misheni niliyokuwa nayo haikutoa posho, na sijui kwa nini mtu aliyeitwa wa kujitolea anauliza bei. Lakini swali lako lina swali zuri ndani yake: nani analipa? Kama hulipwi wewe, haimaanishi kuwa hakuna gharama. Kaa chini na kanisa linalokutuma, wakubali kutuma fungu la chakula kila mwezi, na liende kwa mwenyeji moja kwa moja kwa simu yake. Likipitia kwako utakuwa bosi wa mama anayekupikia, na likipitia kwa kiongozi litapungua njiani. Waliofanya hivyo nimewaona wanaagwa kwa machozi. Waliokuja na maombi matupu waliagwa kwa adabu.

Cheti wanaandika ukiomba.

---

Mzee Katekista

Mkaa Mwambao, ongeza na habari ya ziwa kupanda. Miaka hii ya karibuni maji yamemeza nyumba za ufukweni na baadhi ya mialo. Wanaokuja na ramani za zamani wanatafuta kanisa ambalo sasa liko majini. Ziwa letu lina tabia hiyo. Karema yenyewe ilijengwa karibu na maji, halafu ziwa likashuka likaiacha mbali, kwa sababu mto Lukuga upande wa Kongo ulifungua mdomo wake miaka hiyo ya 1870 mwishoni. Sasa limerudi kudai.

---

Mkaa Mwambao

Kweli mzee wangu. Kijijini kwetu waliohama walijenga upya juu kidogo, na ujenzi ndio uliotupa sisi wajitolea kazi ya maana kuliko zote: kusomba tofali. Hakuna aliyetuuliza dhehebu.

---

Kijana wa Gongo la Mboto

Wakuu sasa nijitokeze. Mimi ni miongoni mwa hao waliowekewa mikono Jumapili, tunaondoka wiki ijayo na treni. Nimefuta nusu ya mizigo baada ya kusoma huu uzi. Maswali mawili: sola nibebe? Na boti nakata tiketi wapi, kuna namba ya simu?

---

Nahodha Mstaafu

Tiketi gani tena mwanangu. Unashuka mwaloni Ujiji mapema, saa sita saba mchana, unaulizia boti ya kijiji chako inapakia wapi. Watakuonyesha. Tazama imepakia kiasi gani kabla hujatoa hela, ukiona ukingo umekaribia maji na bado wanaongeza saruji, subiri ya kesho. Nauli mpe mwenye chombo mwenyewe au karani wake mwenye daftari. Wale wanaokimbilia begi lako ni wabebaji, patana nao kabla hawajaliinua.

---

Mkaa Mwambao

Sola ndogo ya kuchaji simu na taa inatosha, na utachaji za mtaa mzima, kwa hiyo beba waya wa vichwa vingi. Mtungi wa gesi acha, kwenye boti una petroli pembeni. Beba panga jipya umkabidhi mwenyeji, chumvi, viberiti, betri za tochi, na dumu la lita tano la maji ya kunywa usiku wa safari.

Na chenji. Noti ya elfu kumi mwaloni alfajiri hakuna wa kuivunja.